Sato Anayelegea Siku ya Tatu: Mwongozo Kamili wa Kulinda Ugumu wa Mnofu Katika Kila Msimu

Chukua sato wawili wa gramu 400 kutoka kizimba kimoja cha kufugia samaki ziwani. Wamekula chakula cha aina moja, wamevunwa wiki tofauti, wakapangwa kwenye barafu ya mashine ileile. Siku ya tatu ukimbonyeza wa kwanza, mnofu unarudi. Wa pili anabaki na shimo la kidole, na mama anayempaa magamba anaona nyama inaachana na miiba kabla kisu hakijapita. Mchuuzi atailaumu barafu, mfugaji atamlaumu dereva. Barafu haba kwa kawaida huleta harufu. Mnofu unaolegea huku samaki bado hanuki ni kesi nyingine, na mara nyingi kesi hiyo ilianza majini, siku kadhaa kabla wavu haujashushwa.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Sato wa kufugwa wa Mwanza, Bukoba, Siaya au Homa Bay anashindana sokoni na sato aliyegandishwa kutoka China, na kwa bei ni vigumu kumshinda. Anachoweza kumshinda nacho ni ubichi na ugumu wa nyama. Akipoteza hivyo viwili, mteja hana sababu ya kulipa zaidi.

Mwongozo huu unamhusu sato, ambaye wengi Kenya na Uganda humwita ngege, wa vizimba vya Ziwa Victoria na wa mabwawa, yakiwemo ya nyanda za juu kama Mbeya, Iringa, Kericho na Nyeri. Hatua zake ni rahisi, lakini ukizifuata bila kujua kinachoendelea ndani ya msuli utaruka ile inayokuchosha, na kwa kawaida hiyo ndiyo muhimu. Kwa hiyo tuanzie ndani.

Kinachotokea ndani ya msuli

Samaki akifa, misuli yake haifi naye papo hapo. Moyo umesimama, oksijeni haifiki tena, lakini seli zinaendelea kutumia nishati. Nishati hiyo huitwa ATP, na seli huitengeneza kwa kuchoma akiba ya sukari ya msuli, glaikojeni, bila oksijeni. Taka ya kazi hiyo ni asidi ya laktiki. Ndiyo maana pH ya mnofu (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka), ambayo kwa samaki hai inazidi 7 kidogo, hushuka hadi karibu 6.5, wakati mwingine chini ya hapo.

ATP ikiisha, nyuzi za msuli hushikana na hazina tena nguvu ya kuachana. Samaki anakakamaa kama ubao. Hali hii hudumu kwa saa kadhaa, na ndani ya barafu inaweza kufika siku moja au zaidi. Kisha analegea. Wengi hudhani analegea kwa sababu ile mishiko imefunguka yenyewe. Ukweli ni kwamba kinachokatwa ni viungo vinavyozifunga nyuzi hizo, na wakataji ni vimeng'enya vya samaki mwenyewe, yaani protini zinazofanya kazi ya kuvunjavunja vitu mwilini. Bakteria bado hawajaingia kazini.

Kuna makundi matatu ya kujua. La kwanza ni kalpaini. Hizi huamshwa na kalisi (kalsiamu) inayovuja ndani ya seli nishati inapoisha, na hupenda mnofu ambao haujawa na asidi nyingi. Hukata kuta ndogo zinazofunga nyuzi za msuli kwa urefu wake. La pili ni kathepsini, ambazo zikiwa salama hufungiwa ndani ya vifuko vidogo vya seli na hupenda asidi. Vifuko vikipasuka, kwa asidi, kwa kubanwa au kwa kugandishwa polepole, kathepsini humwagika na kula kila kitu kilicho karibu. La tatu ni vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ile ngozi nyembamba inayounganisha tabaka za mnofu. Ukimwangalia sato aliyeiva utaona tabaka hizo zinaachana kwa mikunjo. Kolajeni ikikatwa mapema, tabaka zinaachana akiwa bado mbichi, na minofu inaonekana imepasukapasuka hata kama ni salama kuliwa.

Ladha nayo ina vimeng'enya vyake. ATP ikivunjika hupita hatua kadhaa, na mojawapo ni inosini monofosfati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ule utamu wa supu ya samaki mbichi. Baadaye hii huvunjika zaidi hadi haipozanthini, ambayo ni chungu. Kwa hiyo samaki hupoteza utamu wake siku nyingi kabla hajanuka, na mteja anayesema "huyu hana ladha" huku wewe unanusa na kukuta hakuna kitu, hakusingizii.

Jambo la mwisho kuhusu vimeng'enya hivi ndilo linalotupeleka kwenye misimu. Samaki akiwa hai, vina kazi halali: kuvunja protini za zamani ili mpya zijengwe. Samaki anayekua kwa kasi ana ukarabati mwingi, na ana vimeng'enya vingi vilivyo tayari. Akifa, fundi wote wale bado wamo ndani na nyundo zao, ila hakuna tena wa kujenga. Wafugaji wa salmoni wa Norway wanalijua hili vizuri: malalamiko ya mnofu laini huwaongezeka katika miezi ya maji ya joto, samaki wanapokula sana na kunenepa haraka.

Msimu unaingia kwa milango tofauti

Usichukue kalenda ya jirani. Ziwani, joto la maji ya juu hubadilika kwa nyuzi chache tu kwa mwaka, takriban kati ya 23 na 28. Hapo msimu hufanya kazi yake zaidi kupitia upepo, oksijeni na mwani. Kwenye bwawa la Mbeya au Nyeri, maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20 mwezi wa Julai, na hapo joto lenyewe ndilo mtawala: sato hula vizuri zaidi kwenye nyuzi 26 hadi 30, chini ya 20 hamu inapungua sana, na karibu na 16 anaacha kabisa.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, pepo za kusini mashariki hupoza uso wa Ziwa Victoria na kuchanganya maji ya juu na ya chini. Maji ya chini yamekaa miezi mingi bila hewa. Yakipanda penye vizimba, hasa kwenye ghuba zenye maji haba, samaki hukosa oksijeni kwa saa au siku. Wale wanaokufa wanaonekana. Wasioonekana ni wale wanaopona, waliochoma glaikojeni yao yote wakihangaika, na ambao mfugaji mwenye hofu anawavuna kesho yake ili asipate hasara zaidi. Hao ndio watakaolegea siku ya tatu. Upungufu wa oksijeni hautokei kipupwe pekee. Hata mvua za vuli zinaweza kuleta tope na mchanganyiko wa ghafla.

Kwenye bwawa la baridi hali ni nyingine. Wiki za mwanzo za baridi humfanya sato awe mgumu mzuri, kwa kuwa ukuaji umepungua na vimeng'enya vimetulia. Lakini baridi ikidumu na samaki haoni chakula kwa wiki nyingi, anaanza kula misuli yake. Protini inapungua, maji yanachukua nafasi yake, na mnofu unakuwa wa majimaji. Na kwa kuwa glaikojeni ni kidogo, asidi baada ya kifo ni kidogo pia, pH inabaki juu, na bakteria wanapenda hivyo.

Joto likirudi, Septemba na Oktoba nyanda za juu, samaki hula kana kwamba hakuna kesho. Uzito unapanda haraka na mfugaji anafurahi. Hicho ndicho kipindi ambacho nisingevuna kwa ajili ya mteja anayetaka minofu. Ningewapa wiki tatu au nne za ulaji wa kawaida kwanza, mwili utulie.

Desemba hadi Machi maji ni ya moto na hayabebi hewa nyingi. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 ni takriban 7.5. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo toa zaidi ya sehemu ya kumi kwenye hesabu hizo. Samaki aliyebanwa kwenye wavu katika maji hayo huishiwa pumzi upesi. Huu pia ni wakati mwani unapochanua, na baadhi yake hutoa geosmini, ile harufu ya tope. Harufu hiyo haina uhusiano na vimeng'enya vya msuli, lakini mteja havitenganishi: kwake samaki mbaya ni samaki mbaya.

Mvua zikinyesha, jike wa sato anataga na kuwatunza watoto mdomoni. Kwa muda wa wiki mbili hivi hali au anakula kidogo sana, na kabla ya hapo alishapeleka akiba yake kwenye mayai. Mnofu wake unabaki hafifu. Uzazi kuuharibu mnofu ni jambo la samaki wengi. Salmoni aina ya chum anayepanda mito kwenda kutaga huwa na kathepsini nyingi msulini hadi nyama yake inakuwa teketeke. Sato hafiki huko, lakini bwawa lenye majike wengi walioatamia halitoi mzigo wa kulingana. Ndiyo sababu nyingine, mbali na ukuaji, ya kununua vifaranga vya dume tupu kutoka kwa mzalishaji unayemwamini.

Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kupanga tarehe

Wiki mbili kabla ya siku unayofikiria kuvuna, anza kupima joto la maji mara mbili kwa siku, saa 1 asubuhi na saa 9 alasiri, mita moja chini ya uso. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha. Ukiweza kuazima kipima oksijeni, pima alfajiri. Ndiyo saa ya ukweli. Kama huna, waangalie samaki. Wakija juu kuhema kabla jua halijachomoza, hewa ni haba.

Zingatia mabadiliko kuliko namba yenyewe. Joto lililoshuka nyuzi tatu kwa siku mbili ziwani baada ya upepo mkali, au maji yaliyobadilika rangi ghafla, ni sababu ya kuahirisha uvunaji kwa siku kadhaa, hata kama gari limeshakodiwa.

Hatua ya 2: Onja samaki mmoja

Siku kumi kabla, vua sato mmoja au wawili, kata kipande cha mkiani, kipike kwa mvuke bila chumvi wala ndimu, ndani ya chombo kilichofunikwa. Fungua na unuse kabla hujala. Harufu ya udongo ikitoka, usivune. Hamishia samaki kwenye tangi au bwawa dogo lenye maji safi yanayotiririka, kwa siku kadhaa hadi wiki na zaidi, ukionja tena kila baada ya siku mbili. Geosmini hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo samaki mnene huchelewa kuiachia, na kwenye maji ya baridi huchelewa zaidi. Mwenye kizimba ziwani hana anasa ya kuhamisha maji. Yeye hungoja mwani upite.

Hatua ya 3: Lisha kawaida, kisha acha

Hapa kuna makosa ya pande mbili. Wapo wanaowanyima samaki chakula siku nne au tano ili kuokoa gharama ya mwisho, na wapo wanaowashindilia hadi asubuhi ya kuvuna ili mizani ipande. Wa kwanza wanapunguza glaikojeni. Wa pili wanaacha tumbo limejaa chakula na vimeng'enya vya kumeng'enyea, ambavyo baada ya kifo hugeukia kuta za tumbo. Ndipo unapoona tumbo la samaki limepasuka saa chache baada ya kuvunwa.

Lisha kiasi cha kawaida hadi siku moja au mbili kabla. Kwenye maji ya nyuzi 27, saa 24 zinatosha kuliacha tumbo likiwa karibu tupu. Kwenye maji ya nyuzi 20, umeng'enyaji ni wa polepole. Wape saa 48. Mkate samaki mmoja uone utumbo wake, maana utumbo ndio unaokuambia, saa ya ukutani haijui joto la bwawa lako.

Usijaribu pia kuwajaza glaikojeni kwa kuwalisha kupita kiasi wiki ya mwisho. Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini ina funzo lake: samaki wa huko aitwaye kodi (cod) anayekula sana baada ya kutaga hupata akiba nyingi kiasi kwamba pH ya mnofu hushuka mno baada ya kifo, na minofu hupasuka. Unataka samaki aliyeshiba kwa wastani na aliyepumzika.

Hatua ya 4: Vuna bila kukimbizana

Kama ungechagua hatua moja tu ya mwongozo huu, chagua hii. Sato anayekimbizwa bwawani dakika ishirini anaingia kwenye barafu akiwa ameshatumia akiba yake. Asidi tayari imejaa msulini, anakakamaa upesi, na vimeng'enya vinaanza kazi mapema huku mwili ukiwa bado na joto. Asidi na joto pamoja ndivyo vinavyovunja vifuko vya kathepsini.

Wengi huvuna alfajiri sana kwa sababu kuna ubaridi. Kwa kizimba cha ziwani hiyo ni sawa. Kwa bwawa lenye maji ya kijani mimi siikubali. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia, na saa 11 hadi saa 12 alfajiri ndiyo saa ambayo bwawa lina hewa kidogo kuliko wakati wowote. Kuwabana samaki wakati huo ni kuwanyonga. Anza saa 1 na nusu asubuhi, jua likiwa limeshayagusa maji, umalize kabla ya saa 4.

Punguza maji ya bwawa jioni iliyotangulia, usiyamalize. Vuta wavu mara moja, polepole, na gawa bwawa kwa kipande kimoja kwa wakati. Samaki waliobanwa kwenye wavu wasizidi wale unaoweza kuwaua na kuwapoza ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Mara nyingi tatizo liko kwenye meza: watu wawili wanaua, watu sita wanavuta. Badilisha hesabu hiyo.

Ukivuta vibaya na samaki wakachoka bila kuvuliwa, waache. Kurejesha glaikojeni kunachukua saa nyingi, si dakika. Rudi kesho, mteja apewe simu.

Hatua ya 5: Ua haraka, poza haraka

Sato aliyeachwa kufa kwenye beseni kavu hujirusha hadi mwisho, na kila mrusho ni glaikojeni inayoungua. Kumtosa hai kwenye maji ya barafu ni nafuu kuliko beseni, ila naye hafi mara moja. Bora ni pigo moja la rungu dogo juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha mara moja kwenye maji ya barafu. Kwa kijana aliyezoea ni sekunde chache kwa samaki.

Kuhusu kumwaga damu, soko ndilo linaamua. Kwa minofu, kata matamvua mara baada ya pigo na umwache ndani ya maji ya barafu dakika kadhaa. Mnofu utakuwa mweupe na utakaa vizuri zaidi, kwa kuwa damu huharakisha kuharibika kwa mafuta. Lakini mteja wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, au wa Kisumu humfunua sato matamvua kwanza, na akiyakuta yamepauka humwita wa jana. Kwa samaki mzima wa soko hilo, usikate.

Sasa barafu, na hapa nakuomba ufanye hesabu badala ya kukadiria kwa jicho. Kilo moja ya samaki ikishuka nyuzi moja hutoa takriban kilokalori 0.8. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilokalori 80. Samaki kilo 100 waliotoka kwenye maji ya nyuzi 26:

100 × 26 × 0.8 = kilokalori 2,080, yaani barafu kilo 26.

Ongeza lita 50 za maji ya kuchanganyia, yenye nyuzi 25: kilokalori 1,250, karibu kilo 16 nyingine. Umeshatumia kilo 42 na samaki bado hajapanda gari. Kinachobaki kinapigana na jua, kuta za sanduku na barabara. Ndiyo maana kanuni ya kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki haijatiwa chumvi kwa Februari. Kwa kipupwe, safari fupi na sanduku lenye kuta nene, unaweza kupunguza, ila mimi nisingeshuka chini ya kilo 70 kwa kila 100.

Ponda barafu ya mabonge iwe midogo. Bonge humgusa samaki sehemu chache tu na kumchubua. Koroga maji na barafu kwanza, ndipo samaki waingie. Chomeka kipimajoto kwenye mnofu mnene nyuma ya kichwa, juu ya mstari wa ubavu. Kikisoma nyuzi 2 au chini, watoe, wapange kwenye sanduku la safari kwa tabaka: barafu, samaki, barafu, na tundu la kutolea maji chini.

Kwa nini nyuzi mbili na si kumi, ambazo mkononi tayari ni baridi? Kwenye nyuzi 10 samaki huharibika takriban mara nne zaidi ya kwenye sifuri, na kwenye 5 zaidi ya mara mbili. Sato wa maji ya joto ana bahati hapa: protini zake na bakteria aliokuja nao vimezoea joto, kwa hiyo sifuri huvipiga breki kali kuliko inavyofanya kwa samaki wa bahari baridi, na akitunzwa vyema kwenye barafu hukaa wiki mbili na ziada. Lakini breki haifanyi kazi ikikanyagwa nusu.

Hatua ya 6: Mwache akakamae kwa amani

Sato aliyeingia ghafla kwenye sifuri hukakamaa haraka kuliko angekakamaa kwenye ubaridi wa wastani. Ni baridi inayofanya kalisi ivuje ndani ya msuli wa samaki wa joto. Usiogope, na usimpashe moto eti apate kulegea.

Kilichokatazwa ni kumkunja. Samaki aliyekakamaa akikunjwa ili aingie kwenye sanduku dogo, zile ngozi za kolajeni zinachanika, na hakuna barafu itakayoziunganisha. Panga masanduku yanayolingana na urefu wa samaki wako. Kwa minofu, ama kata ndani ya saa ile ile kabla hajakakamaa, ukikubali kwamba mnofu utajikunja na kufupika, ama subiri hadi alegee. Kumkata katikati ya kukakamaa ndiyo njia ya uhakika ya kupata minofu iliyochanika.

Hatua ya 7: Pima kazi yako

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Mlaze samaki aliyekufa sasa hivi juu ya meza, nusu ya mwili upande wa kichwa imeshikwa mezani, nusu ya mkia inaning'inia. Pima kwa rula mkia umeshuka sentimita ngapi chini ya usawa wa meza. Mrudishe kwenye barafu, umpime tena kila baada ya saa moja. Kama mwanzo ulishuka sentimita 10 na sasa 2, amekakamaa asilimia 80.

Fanya jaribio moja kwa kila msimu. Samaki watano waliochotwa kwa upole na kupigwa mara moja, na watano waliobanwa kwenye wavu robo saa, wote kwenye barafu moja. Waliobanwa watakakamaa mapema na kulegea mapema. Siku ya tatu wabonyeze, wakate, pima uzito wa minofu, iache usiku mmoja kwenye sahani ndani ya jokofu, upime tena. Tofauti ni maji uliyoyapoteza, na mnunuzi wa minofu huyalipa au anakataa kuyalipa. Mwonyeshe kijana wako wa wavu matokeo hayo. Yatamshawishi kuliko hotuba.

Kwenye daftari andika joto la maji, upepo au mvua ya wiki hiyo, saa ya mlo wa mwisho, dakika za kubanwa, kilo za barafu, joto la mnofu samaki akitoka kwenye maji ya barafu, na malalamiko ya mteja yakija. Misimu miwili ikipita utakuwa na kalenda ya bwawa lako, ambayo hakuna mtaalamu angeweza kukuandikia.

Ukitaka kugandisha au kubanika

Jokofu la nyumbani lililojazwa kilo 50 za samaki wa joto kwa mkupuo halifanyi hisani. Linagandisha kwa kuburuta, barafu inakua kwa chembe kubwa ndani ya mnofu, chembe zinapasua seli na vifuko vya kathepsini. Siku ya kuyeyusha, maji yanamwagika na vimeng'enya vinaamkia nyama iliyokwisha chanika. Poza kwenye barafu kwanza, gandisha kidogo kidogo kwa tabaka nyembamba, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Na samaki aliyeanza kulegea hagandishwi ili apone; atatoka hivyo hivyo au vibaya zaidi.

Kwenye kubanika kwa moshi kuna mtego ambao wachache huuona. Baadhi ya vimeng'enya vinavyokata protini hupata nguvu zake zote kwenye nyuzi 50 hadi 60, kabla joto halijaviua. Moto wa uvivu unaoacha samaki kwenye nyuzi hizo kwa saa nyingi hutoa nyama ya unga inayomeguka. Anza na moto mdogo na upepo wa kutosha hadi ngozi ikauke, kisha ongeza kuni upite haraka hadi juu ya nyuzi 75 ndani ya mnofu, ndipo ushushe moto na kuendelea na moshi kwa kadiri soko lako linavyotaka ukavu.